Kigurudumu kimepotea: nani anaamua kikao chako cha Linux kianze vipi?

Wadau, juzi saa moja asubuhi simu imeita. Ni mwalimu mmoja ninayemfahamu, anasimamia chumba cha kompyuta kwenye shule ya sekondari ambayo sitaitaja hapa. Chumba chenyewe ni seva moja na mashine 14 chakavu ambazo hazina hata diski. Zinawaka kupitia waya wa mtandao na kazi yote inafanyika kwenye seva. "Kaka, watoto wanaandika neno la siri, linakubaliwa, kioo kinakuwa cheusi, halafu wanarudishwa palepale pa kuandika neno la siri. Wote. Nadhani tumeingiliwa na virusi."

Virusi hamna. Kilichotokea ni kwamba wakati wa likizo kijana mmoja aliyekuja kusaidia aliipandisha Ubuntu ya ile seva kutoka toleo la 25.04 kwenda 25.10. Alifanya kwa nia njema, na mashine yenyewe ndiyo ilimwomba. Alipomaliza akakaa mbele ya seva, akaingia, kila kitu kikafunguka vizuri, akaaga. Hakujaribu hata moja ya zile 14. Na palepale kwenye seva kuna kitu kilikuwa kimepungua ambacho hakukiona: kile kigurudumu chenye meno kinachokaa kwenye kona ya chini kulia wakati unaandika neno la siri. Kilikuwa kinakuruhusu kuchagua aina ya kikao. Sasa kimebaki kikao kimoja, na kikiwa kimoja hakuna cha kuchagua, kwa hiyo kigurudumu kinajificha.

Nimesoma sana habari za jambo hili kwenye magazeti ya teknolojia ya nje, na karibu zote zinaliandika kama ugomvi wa waandishi wa programu, X11 dhidi ya Wayland, kama vile ni Simba na Yanga. Mimi naona ni habari ya watu wengine kabisa.

Tuanze na neno lenyewe, kikao. Wabongo tukisikia kikao tunafikiria harusi: mwenyekiti, mhazini, daftari la michango, na yule mjumbe anayeonekana siku ya soda tu. Kikao cha kompyuta hakiko mbali sana na hapo. Ni muda wote kuanzia unapokubaliwa kuingia mpaka unapoaga, pamoja na kila kitu kinachofanyika kwa jina lako ndani ya muda huo: madirisha, sauti, programu zinazochapa kazi kimyakimya nyuma ya pazia. Na kama ilivyo kwenye harusi, lazima awepo mwenyekiti wa kugawa nafasi. Nani anachora kwenye kioo, nani anapokea herufi unazobonyeza.

Ukiwasha mashine ya Linux, kiini kinaamka kwanza, kisha kinamkabidhi kazi systemd. Systemd akifika hatua inayoitwa graphical.target anamwamsha bawabu wa mlangoni. Kwenye GNOME bawabu huyo anaitwa GDM, kwenye KDE kwa miaka mingi amekuwa SDDM, kwenye mifumo myepesi mara nyingi ni LightDM. Bawabu anapokea jina na neno la siri, anawaachia PAM wahakiki, halafu anaangalia mafolda mawili: /usr/share/xsessions na /usr/share/wayland-sessions. Kila faili fupi iliyomo humo ni aina moja ya kikao. Kigurudumu kilikuwa kinasoma orodha hiyo tu, hakuna uchawi. Ukishachagua, katibu anayeitwa logind anaandika kwenye daftari lake: fulani, kikao namba fulani, amekaa kiti fulani. Fungua terminali uandike loginctl utaliona daftari lenyewe. Ukitaka kujua mwenyekiti wako ni nani, andika echo $XDG_SESSION_TYPE. Utajibiwa x11 au wayland. Na mtu akikwama, mashine imeganda, usikimbilie kuchomoa waya. Bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia kwa maandishi, tazama namba ya kikao kilichokwama, kisha loginctl terminate-session na namba hiyo. Anafungiwa yule mmoja, wengine wanaendelea. Mwalimu niliyemtaja alikuwa hajui hilo kwa miaka minne, alikuwa anazima seva nzima na watoto wote 14 wanapoteza kazi zao.

Sasa huyo mwenyekiti wa zamani, X, alizaliwa MIT kule Marekani mwaka 1984, na toleo la 11, ndilo hilo X11, lilitoka 1987. Kumbuka mazingira yake. Chuo kina kompyuta kubwa chache, wanafunzi wengi, vioo vingi. Kwa hiyo X ilitengenezwa tangu mwanzo ili programu ifanye kazi jengo la pili na dirisha lake litokee mbele yako. Yaani kile chumba cha shule, seva moja na mashine 14 chakavu, ndicho kitu ambacho X ilizaliwa kukifanya. Baadaye Wamarekani wakawa na kompyuta kila mtu yake na uwezo ule ukaonekana ni mzigo wa kizamani. Kwetu haujawahi kuwa wa kizamani.

Wayland ilianza mwaka 2008, mwanzilishi Kristian Høgsberg, wakati huo akiwa Red Hat. Haikuja kwa kishindo. Fedora waliifanya kuwa kikao cha kawaida cha GNOME kwenye toleo la 25, Novemba 2016. Ubuntu wakajaribu kwenye 17.10, wakaogopa, wakarudi X kwenye 18.04, wakajaribu tena kwenye 21.04 na safari hiyo wakabaki. Muda wote huo kigurudumu kilikuwepo. Kama Wayland inakusumbua, unakibonyeza, unachagua Xorg, maisha yanaendelea. Ndiyo maana watu wengi hawakulalamika.

Halafu ukaja mwaka 2025. Mwezi wa Mei Red Hat walitoa RHEL 10 bila seva ya Xorg, kama walivyokuwa wametangaza Novemba 2023. Tarehe 17 Septemba ikatoka GNOME 49, kikao cha X11 kimezimwa. Msambazaji akikitaka lazima akiwashe mwenyewe wakati wa kuijenga. Tarehe 9 Oktoba ikatoka Ubuntu 25.10, kikao cha GNOME ni Wayland peke yake. Mwisho wa mwezi huohuo Fedora 43, vilevile. Na tarehe 26 Novemba KDE nao wakatangaza kwamba Plasma 6.8 itakuwa ya Wayland tu, na kikao chao cha X11 kitahudumiwa mpaka mwanzoni mwa 2027.

Sasa weka tarehe nyingine katikati hapo: 14 Oktoba 2025, siku Microsoft walipoacha kuihudumia Windows 10 bure. Siku tano tu baada ya Ubuntu 25.10. Mashine nyingi za mitumba tulizonazo haziwezi kupanda Windows 11. Kulikuwa na kampeni nzima, End of 10, na KDE wenyewe wakiwemo, ya kuwaambia watu msitupe kompyuta zenu, njooni Linux. Mimi nimeiunga mkono na nimewahamisha watu kadhaa kwa mikono yangu. Lakini tukubali kwamba tumewakaribisha wageni wiki ileile ambayo tunabadilisha mlango wa mbele.

Ngoja niwe mkweli kuhusu sababu, maana zipo na ni nzito. Kwenye X11 mwenyekiti hana siri. Programu yoyote iliyomo kwenye kikao inaweza kusikiliza herufi zinazobonyezwa kwa ajili ya programu nyingine. Sio kwa udukuzi mkubwa, ni kawaida ya X. Jaribu mwenyewe: kwenye kikao cha X11 fungua terminali, endesha xinput test na namba ya kibodi yako, kisha nenda kwenye dirisha lingine kabisa uandike kitu. Utaona kila kitufe kinapita kule kwenye terminali. Sasa fikiria kafe ya intaneti, mteja anafungua akaunti ya benki, na kuna kiprogramu kidogo kimekaa mle kwenye kikao hakina hata dirisha. Wayland inafunga mlango huo. Dirisha linapata herufi zake tu, halioni la jirani. Mtu anayeniambia X11 ni salama kama Wayland namwomba afanye jaribio hilo kwanza, ndiyo tuendelee kuzungumza.

Sababu ya pili ni ya kibinadamu. Walioitunza X na wanaoijenga Wayland kwa kiasi kikubwa ni watu walewale, na ni wachache. Wamechoka. Msimbo wa miaka karibu 40, kila ukigusa hapa panavunjika pale. Huwezi kumlazimisha mtu aendelee kutunza nyumba asiyoishi.

Na uongo mmoja tuuondoe: programu zako za zamani za X hazijafa. Kuna kitu kinaitwa Xwayland, kinaziweka ndani ya kikao kipya na nyingi zinafanya kazi bila wewe kujua. (Ila zenyewe kwa zenyewe humo ndani bado zinaweza kusikilizana, kwa hiyo usalama sio wa asilimia mia.) Kilichoondolewa ni kikao chenyewe, yaani X kama mwenyekiti.

Basi shida iko wapi? Shida iko kwa wale waliokuwa wanautumia ule uhuru wa X kwa kazi halali. Chukua wasioona. Orca, programu inayowasomea kilichoko kwenye kioo, inahitaji kusikia vitufe hata dirisha lingine likiwa mbele, ndiyo imwambie mtu yuko wapi. Wayland ilizuia hilo kwa nia njema ileile ya kumzuia mwizi. Ikabidi ujengwe mlango maalumu, na kwenye GNOME vitufe vya Orca vilipata mlango huo kwenye toleo la 48, Machi 2025. Septemba kikao cha zamani kikazimwa. Miezi sita! Mtu asiyeona anayesubiri toleo la Ubuntu linalohudumiwa muda mrefu hakuwa hata na nafasi ya kujaribu kipya huku cha zamani kikiwa bado pembeni.

Chukua wenye kadi za picha za zamani za NVIDIA. Kiendeshi rasmi cha NVIDIA kilianza kuelewana vizuri na njia ya GBM, ambayo Wayland inaitegemea, kwenye mfululizo wa 495 mwaka 2021. Kadi zilizoachwa kabla ya hapo hazifikiwi na hilo. Unabaki na kiendeshi huria cha nouveau, ambacho kwa kuandika barua na kuvinjari kinatosha, kwa zaidi ya hapo inategemea bahati yako.

Na chukua chumba cha mwalimu wangu. Zile mashine 14 zilikuwa zinaingia kwenye seva kupitia xrdp, na xrdp inafanya kazi kwa kuanzisha kikao cha X kwa kila mtoto. Seva ilipopanda 25.10, GNOME haikukubali tena kuanza juu ya X. Neno la siri linakubaliwa kwa sababu PAM hana tatizo; kikao kinaanza, mwenyekiti hayupo, kikao kinafungwa, mtoto anarudi mlangoni. Ndiyo kile kioo cheusi. Wenyewe GNOME watakuambia kuna njia mpya: tangu toleo la 46, Machi 2024, GNOME ina huduma yake ya kuingia kwa mbali. Ni kweli, nimeitumia. Ila kwanza unatoa neno la siri la mashine, kisha la kwako, na kila mtoto anabeba GNOME nzima kwenye seva ambayo haina kadi ya picha ya maana. Kwa mtu mmoja anayeingia kwenye mashine yake ya ofisini akiwa nyumbani, safi kabisa. Kwa watoto 14 kwenye seva ya mtumba, hapana.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Sibishi kwamba X11 lazima iondoke. Ninachobishia ni kupima utayari kwa kuangalia mezani kwa anayepima. Anayeamua ana laptopu mpya, kioo kimoja au viwili, mtumiaji mmoja ambaye ni yeye. Kwake kila kitu kinafanya kazi tangu 2021. Vyumba vya seva moja na vioo vingi haviripoti hitilafu kwenye tovuti zao, kwa sababu mwalimu hajui kama tovuti hizo zipo, na akijua hana lugha wala muda. Kwa hiyo kwenye hesabu zao hatupo. Juni 2025 GNOME walitangaza pia kwamba watategemea systemd zaidi, hata katika kuanzisha programu za kikao, na wanaotumia mifumo isiyo na systemd waanze kujipanga. Muda wa kujipanga uliotolewa ulikuwa miezi.

Lakini msikate tamaa, maana katikati kuna wasambazaji, na wao wana meno. Mnakumbuka Mei 2016? Systemd 230 ilitoka na uamuzi kwamba mtu akiaga, kila kitu chake kiuawe, hata kazi aliyoiacha makusudi ndani ya screen au tmux iendelee usiku. Wasimamizi wa seva walipiga kelele dunia nzima. Debian wakageuza mpangilio mmoja, KillUserProcesses ukawa no, na kelele zikaisha. Hakuna aliyehitaji kuanzisha mradi mpya wa hasira. Nasema hivyo kwa sababu Juni 2025 pia ulianzishwa mradi wa XLibre, Enrico Weigelt aliuchipusha kutoka kwa seva ya X.Org, na wasomaji wawili wameniuliza kama wahamie huko. Kila mtu ana haki ya kunakili na kuendeleza, ndiyo maana ya programu huria. Mimi binafsi siwezi kuweka chumba cha watoto juu yake, nataka kwanza kuona nani atakuwa anaziba matundu ya usalama baada ya miaka mitatu.

Tulichofanya siku ile ni kitu cha kawaida sana. Tuliweka Xfce kwenye seva, tukabadilisha x-session-manager ielekee kwake, tukaanzisha upya xrdp. Xfce 4.20 ya Desemba 2024 ina Wayland kwa majaribio tu. Nyumbani kwake bado ni X, kwa hiyo ikaanza bila maneno. Saa tano kasoro mashine zote 14 zilikuwa zimefunguka. Watoto walilalamika kwamba picha ya nyuma imebadilika.

Hiyo ni plasta, sio tiba. Toleo kama 25.10 linahudumiwa miezi 9 tu, na 25.04 walikotoka lilikuwa vilevile, ambalo ni kosa langu pia, nilikuwa najua na sikusema. Likizo ijayo tunahamia Debian 13. Ilitoka 9 Agosti 2025, ina GNOME 48 ambayo bado ina kikao cha X11, na ukijumlisha huduma ya muda mrefu inafika 2030. Kwa mtu mmoja mmoja anayekimbia Windows 10 na mashine ya zamani, Linux Mint 22 inahudumiwa mpaka 2029 na Cinnamon yake inaanza kwa X11 kama kawaida. Mwenye laptopu ya miaka mitano iliyopita, kadi ya Intel au AMD, na anaitumia peke yake, abaki Wayland, asisumbuke na haya yote. Na tafadhali, kabla ya kuruhusu seva ya watu wengi ipande toleo, ingia kwa mtumiaji wa kawaida kutoka mashine ya mbali, sio pale mbele ya seva ukaondoka.

Kuna jambo moja bado nalichunguza kwa ajili ya chumba hicho baada ya 2030. Logind anaweza kuigawa mashine moja viti viwili: kadi mbili za picha, kibodi mbili, vipanya viwili, unagawa kwa loginctl attach, na watoto wawili wanakaa kwenye boksi moja kila mmoja na kikao chake. Wayland haina ugomvi na mpango huo, kwa kuwa viti vinagawiwa na logind na sio X. Nimeujaribu mezani kwangu na kadi mbili tofauti, kiti cha pili kikawa kinapoteza kibodi kila mashine ikiamka kutoka usingizini. Kama kuna mdau ana chumba kinachofanya kazi namna hiyo, aandike hapo chini ni kadi gani anatumia, na kama kibodi amezichomeka moja kwa moja au kupitia kigawanyo cha USB.